Mwanangu Hakuwa Analilia Jina

Kina mama wenzangu, nikisimulia habari hii mkiniona nageuka kutema mate pembeni msinishangae. Siumwi. Ni kinyaa tu, mpaka leo hakijaniisha.

Mimi ni Mama Milembe. Tunaishi Bugarama, mimi nakaanga maandazi, baba yake anashinda kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, na wenzake. Milembe alikuwa na miaka minne, mchangamfu, mbishi, maneno mengi kuliko kimo chake. Tulikuwa tumehamia jirani na makarasha, zile mashine za kusaga mawe, na zile hazijui usiku wala mchana. Mtoto akawa anachelewa kulala, na mchana halali kabisa, mpaka analia kwa uchovu tu.

Ndipo yakaanza. Anapitiwa na usingizi, sisi bado tunakula, mara anakurupuka na kuketi, anapiga ukelele kama anachinjwa. Macho yamemtoka, jasho linatiririka mgongoni, moyo unadunda mpaka nauona kwenye mbavu. Ukimshika anakusukuma. Ukimwita hakujui. Baada ya muda anajitupa kwenye mto na kulala fofofo, na asubuhi hakumbuki kitu, anataka chai. Mwanzoni ilikuwa mara mojamoja. Baadaye ikawa karibu kila siku.

Mama mkwe wangu akaja kutoka kijijini kunisaidia. Simchukii, msije mkanisema vibaya. Alimtazama mtoto anavyolia, akaniita mayu, yaani mama, akasema, "Mayu, huyu analilia jina. Ni marehemu shangazi yetu Minza, anataka jina lake lirithiwe."

Usukumani hilo si jambo geni. Mtoto akilia sana anabadilishwa jina, akitulia watu wanasema marehemu amekubali. Jina peke yake lisingeniudhi, mbona mimi mwenyewe ninayo mawili. Lakini mama mkwe alitaka na mganga, na Baba Milembe hajui kumkatalia mama yake kitu.

Mganga alikuja na kucha ndefu zenye uchafu mweusi. Akachukua pombe ya mtama, akaisukutua mdomoni weee, kisha akamtemea mwanangu usoni. Hakunyunyiza, alitema, na makohozi yake humohumo. Ikamwingia machoni na puani. "Kuanzia leo wewe ni Minza," akasema. Akamfunika blanketi juu ya kigae chenye makaa, akatupia manyoya ya kuku na mavi makavu ya fisi. Mtoto akakohoa, akajitapikia kifuani, na yule mzee anacheka, eti uchafu unamtoka. Mchafu alikuwa yeye. Ile harufu iliganda kwenye nywele na mashuka, hata maandazi yangu wateja wakawa wanayanusa na kuyarudisha.

Lakini kilichotumaliza ni agizo lake. Akilia tu, alisema, mwamsheni, mwagieni maji, mwiteni Minza mpaka aitike. Basi ndugu wa mume wangu wakawa wanajazana chumbani, mmoja ana kopo la maji, mwingine anamtikisa, wote wanaita Minza, Minza. Sasa mtoto anazinduka kweli, amelowa, yuko katikati ya watu wazima wanaompigia kelele kwa jina asilolijua. Kitu kilichokuwa kinapita chenyewe kikawa kinachukua nusu ya usiku. Kukicha wanamhoji, "Umemwona nani? Bibi Minza amevaaje?" Mtoto wa miaka minne. Akaanza kuogopa kulala. Jua likizama anang'ang'ania sketi yangu, anajikojolea, ananiambia, "Mama, nisilale, Minza atakuja." Akakonda, na kifua kikawa kinakoroma kwa ule moshi.

Mganga akarudi. Akadai jina limekataa kuingia, sasa achanjwe chale kifuani na kwenye paji la uso. Akatoa wembe kwenye mfuko wa shati, umefungwa kwa karatasi ya sigara, una kutu na damu iliyokauka, damu ya mtu nisiyemjua. Mama mkwe akasema, "Mshike miguu, mayu." Badala ya miguu nilimbeba mzimamzima mgongoni, nikatoka na kanga niliyokuwa nimejifunga. Baba Milembe akanifuata mpaka stendi. Nikajua amekuja kunirudisha. Akasema, "Ule wembe umenitia kinyaa hata mimi. Twende."

Tulikwenda hospitali, huko Kolandoto. Daktari, mama mmoja wa makamo, akampima malaria, akamsikiliza kifua, akamwangalia koo. Akauliza kama huwa anakakamaa au kung'ata ulimi, analala wapi, analala saa ngapi. Kisha akasema, "Hii si degedege. Macho yake yako wazi lakini amelala. Watoto wengi hupata hofu ya namna hii usingizini, hasa wakichoka, na wakikua huisha."

"Dawa yake?" nikauliza.

"Kulala vizuri. Alale mapema, na mchana apumzike. Akilia msimwamshe. Ondoeni vitu vya kumuumiza, kaeni karibu naye, subirini. Asubuhi msimuulize chochote."

Nikamweleza habari ya pombe, moshi na lile jina la Minza. Akauliza, "Jina lake nani?" Nikasema Milembe. "Basi mwiteni hivyo," akasema, akatuandikia dawa ya kifua.

Tulihama chumba, tukaenda mbali na makarasha. Kelele za mtoto usingizini zilipungua taratibu. Kilichochelewa kutoka ni ile hofu ya Minza, tena hofu ya kupandikizwa na watu wazima wenye akili zao. Namshukuru Mungu, sasa ananenepa, na jioni anapanda kitandani mwenyewe. Nanyi wa kwenu akikurupuka, kaeni naye, mpelekeni hospitali apimwe, na mtu mwenye wembe au kigae asivuke mlango. Kama kuna bibi nyumbani, mkalisheni aone kwa macho yake, nilivyomkalisha mama mkwe wangu.

Alikuja kututembelea, na siku hiyo Milembe akapiga ukelele. Bibi yake akanyanyuka haraka kutafuta maji. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama, kaa hapa na mimi." Akaketi. Mtoto akalia, akarusha mikono, akatulia, akageukia ukutani na kuvuta pumzi taratibu.

"Kumbe amelala," akanong'ona.

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Hata siku ile mlipomfukiza alikuwa mtoto anayetaka kulala."