Siku Niliyokimbia na King'ora Kakuma

Jamani, kuna aibu za kuwasimulia marafiki na kuna aibu za kuzikwa nazo. Hii yangu nilikuwa nimeiwekea kaburi, lakini nasikia Ekai anaisimulia huko Lodwar kwa namna yake (eti nilikimbia miguu mitupu, uongo mtupu, kiatu kilichopotea ni kimoja), kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa afisa wa uhusiano wa shirika moja la misaada, ofisi yetu ikiwa Lodwar, na kazi yangu, kwa maneno ya bosi, ilikuwa kuhakikisha watu wanatuamini. Kazi tamu sana mambo yakiwa matulivu. Sasa kambini Kakuma kukazuka ugonjwa wa kuharisha, mafundi wa maji wakaanza kutia klorini kwenye tangi, maji yakanuka dawa, na hakuna aliyekumbuka kuwaeleza wanaoyanywa (mimi ndiye niliyepaswa kukumbuka, haya, tuendelee). Uvumi ukaingia mahali maelezo yalipokosekana: kwamba dawa ile imetumwa na serikali iliyowafukuza wakimbizi kwao Sudan, ili wanawake wao wasizae tena. Kina mama wakayaacha mabomba wakaenda kufukua mchanga wa mto Tarach, wakawa wanachota maji machafu, watoto wakazidi kulazwa, na Waturkana wenyeji nao wakaja juu kwamba visima vyao vya mchangani vimevamiwa. Bwana DO, mkuu wa tarafa, akataka jambo hilo lizimwe kabla watu hawajashikana mashati.

"Barasa," bosi akaniambia, "nenda ukanywe maji mbele yao. Kunywa, tabasamu, rudi."

Rahisi, sivyo?

Asubuhi ya safari mimi na Ekai, dereva wetu, tulikaa hotelini tukisubiri msafara wa polisi, maana barabara ile hakuna aliyeipita bila bunduki mbele. Mama mwenye hoteli akasema samaki aliyebaki ni wa jana, afadhali tungoje chapati. Mimi, kwa haraka na ujuaji, nikamwambia alete huyohuyo, samaki wa ziwa la huku amezoea joto, haharibiki. Ekai alinitazama, lakini mkubwa akila, dereva naye anakula.

Tulipofika katikati ya safari tumbo likaanza kuongea. Nikafikiria kumwambia Ekai asimame, lakini nikauona akilini msafara mzima ukisimama, askari wakigeuka kunitazama nikichuchumaa nyuma ya kichaka chenye majani saba, na mimi nimevaa tai! Nikajikaza.

Bombani watu walikuwa wamejaa. Aliyewaita ni Mama Achol, kiongozi wa wanawake wa mtaa ule, mama mrefu kiasi kwamba nikizungumza naye naangalia mbingu. Akaniinamia sikioni.

"Barasa, hawa wamekuja kwa jina langu. Wewe usiniaibishe."

Nikashika kipaza sauti cha mkononi, nikahutubia vizuri tu, nikakinga bilauri, nikanywa. Watu wachache wakapiga makofi. Hapo ningeshukuru Mungu nikaenda zangu, lakini makofi ni ulevi, nikachukua jagi zima nikalimimina kooni, huku nikiwatazama kama bingwa wa ndondi.

Sikumaliza kulirudisha jagi. Tumbo lilikata kamba, nikageuka, nikatimua mbio kuelekea vyoo vya mabati, kiatu kimoja kikabaki nyuma, kipaza sauti bado mkononi, na kwa kukikaza nikabonyeza kitufe chekundu ambacho sikuwahi kujua ni cha nini. King'ora! Kambi nzima ikasikia. Wale ni watu waliotoka vitani, king'ora kwao si mchezo, kina mama wakabeba watoto, mitungi ikamwagwa, na mtu akapaza sauti, "Sumu! Amekunywa sumu!"

Mimi nikiwa ndani, nasikia yote kupitia mabati, nikatamani shimo lile linimeze. Kisha mlango wa choo cha pili ukafungwa kwa kishindo.

"Bwana Barasa, uko hapo?"

"Niko, Ekai."

"Hata mimi niko."

"Na wewe umekunywa yale maji?"

"Maji gani? Mimi hakuna kunywa kitu. Ni hiyo samaki yako!"

Nilipotoka nilikimbilia redio ya gari kumweleza bosi. Akasema nitangaze kwamba afisa aliitwa ghafla kwa kazi ya dharura. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaliona wazo zuri. Nikamwendea Mama Achol, aliyekuwa amesimama peke yake bombani mikono kifuani, nikaanza, "Mama, unajua niliitwa kikazi..."

"Barasa. Mimi nimelea watoto. Hiyo mbio naijua."

Macho yake yalikuwa yamelowa, na hapo ndipo niliposhika kwamba mimi nimepoteza heshima ya siku moja, lakini yeye atabaki kuishi na hawa watu. Nikamwambia ukweli wote. Akanipokonya kipaza sauti, akaita watu kwa Kidinka, akanirudishia.

Nikasema mbele ya umma ule kwamba jina langu Barasa, nimekula samaki wa jana Lodwar, nimeharisha, na dereva wangu ambaye hajaonja tone la maji ya hapa naye ameharisha. Ekai akainua mkono, uso umesawijika, akasema, "Ni kweli. Hata sasa bado."

Mzee mmoja akauliza kwa nini waniamini. Mama Achol ndiye aliyemjibu.

"Khalas, yatosha, mzee. Mtu akitaka kukudanganya, atatafuta uongo wenye heshima kuliko huu."

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena maishani, walicheka wakishikana mabega, mzee mwenyewe akafuta machozi. Kisha Mama Achol akakinga bilauri akanywa polepole, na maswali yakaanza: dawa inatoka wapi, nani anaitia, kwa nini hatukuambiwa? La mwisho lilinichoma, nikakubali kwamba tulikosea. Si wote walioshawishika. Wengi walisema watangoja kwanza wamwone Mama Achol kesho ataamka vipi.

Nililala Kakuma. Asubuhi nikaenda bombani nikiwa nimekauka kama ngozi ya mbuzi, nikamkuta Mama Achol mzima kabisa, mbele ya foleni ndefu.

"Ejok!" akaniita kwa salamu ya wenyeji, akicheka. "Leo tumbo imesemaje?"

Foleni nzima ikageuka kusikiliza, na mimi nikawajibu, kwa kirefu. Tangu hapo nimeapa: jambo likiharibika, watu watalisikia kwangu kabla hawajalisikia kwa jirani, hata likiwa la kunivua nguo.