Metodi Alivyogawa Chokoleti Mapema

Mji mzima wa Vidin uliijua sauti ya Dobrina Valkova, ila sura yake wengi wangepishana nayo sokoni wasiitambue. Ndiye aliyetangaza mabasi kituoni. Alikaa ndani ya kibanda chenye dirisha la kioo, kipaza sauti mbele yake, na kati ya basi na basi aliandika michezo ya redio. Aliandika, akatuma redioni kule mji mkuu, Sofia, akakataliwa. Akaandika tena, wakakataa tena. Mara nyingine hawakujibu kabisa, na hilo, jamani, linauma kuliko kukataliwa, maana mtu hujui hata kama ulichotuma kilisomwa au kilitumika kufungia jibini. Ukimuuliza, Dobrina alicheka tu: "Aah, napotezea muda." Uongo mtupu! Mtu hapotezi muda huku akinong'ona peke yake kama anagombana na jirani.

Safari hii alikuwa ametuma mchezo kuhusu mwanamke anayesubiri basi kituoni kutwa nzima. Akajiapiza kwamba wakiukataa na huu, basi, anaweka kalamu chini. Akamwambia hata mumewe.

"Huu ndio wa mwisho, Metodi."

"Sawa," akajibu Metodi, akaendelea kufunga kamba za viatu. Yeye ni fundi wa mabasi kwenye gereji nyuma ya kituo, na maneno hutoka kwake kwa shida.

Asubuhi moja Dobrina akasahau simu nyumbani. Metodi, ambaye zamu yake ilikuwa ya mchana, akaisikia ikilia, akapokea. Alikuwa mama mmoja aitwaye Kapinova, mhariri wa michezo ya redio. Anaomba kuzungumza na Bi Valkova kuhusu mchezo wake, tafadhali ampigie. Hayo tu, wala hakuongeza neno.

Lakini Metodi hakuhitaji neno zaidi. Waliokataliwa huletewa mistari miwili ya baridi kwenye kompyuta. Mhariri mwenyewe kunyanyua simu? Kwa Metodi hiyo ilikuwa ndiyo, tena ndiyo kubwa. Na kwao mtu akipata heri hakai nayo peke yake. Umepata mtoto, umenunua gari, umefaulu mtihani, unapita na boksi la chokoleti, kila mtu anachukua na kukupongeza. Ukijifanya umesahau, watakuita mchoyo mpaka uzeeni. Metodi akaingia dukani, akachagua boksi kubwa kuliko yote, akapita nalo kituo kizima. Kwa madereva, kwa wakatisha tiketi, kwa Kircho wa kioski cha mikate ya jibini, kwa Bibi Tsona anayepiga deki. "Mke wangu yuko redioni!" Huyo ndiye mtu ambaye maneno humtoka kwa shida.

Alipofika dirishani kwa mkewe, boksi lilikuwa karibu kwisha.

"Chukua."

"Nani kazaa?" akauliza Dobrina.

"Wewe!"

Akamwambia habari ya simu, akampa na simu yenyewe.

"Walisema wameukubali?"

"Wamepiga, Dobrina! Kwani watu watoke Sofia kwa simu kuja kukutukana?"

Dobrina akafunga kidirisha, akapiga. Mhariri alikuwa mpole, tena mpole kweli, na upole huo ndio uliomwambia Dobrina mambo kabla ya maneno.

"Unaandika vizuri, mama. Watu wako wanaongea mpaka naona nimekaa nao. Lakini hakuna hata mmoja anayetaka kitu. Yule mwanamke anasubiri basi kutwa nzima, na mimi mpaka mwisho sijui anataka nini. Hatuwezi kuurusha hewani. Nimeona nikwambie kwa mdomo wangu."

Dobrina akashukuru, akashukuru tena, hadi mwenzake akakata simu. Nje, dereva wa basi liendalo mji wa Lom alikuwa anagonga kioo, meno yote nje: "Hongera, dada! Tunasikiliza lini?"

Angejibu nini? Kupita kwa mmoja mmoja akieleza, hapana, hiyo ilikuwa nje ya uwezo wake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akakaa, akanywa maji, akabonyeza kitufe.

"Basi la Lom, mlango wa kwanza." Hakuachia kitufe. "Na tangazo jingine. Mchezo wangu umekataliwa. Mume wangu aliharakisha. Mliokula mmekula, msirudishe. Asanteni."

Kituo kizima kikageukia kibanda. Hata abiria wa Lom wasiojua hili wala lile wakasimama na mizigo yao. Kisha Kircho akapaza sauti kutoka kioskini: "Dobrina, mimi nilikula tatu! Sasa nifanyeje?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi Tsona akaburuta ndoo yake mpaka dirishani.

"Wamesemaje hasa, mwanangu?"

"Wanasema mwanamke wangu yuko kituoni na hataki kitu."

"Ala! Kituoni? Nimezeeka na deki hii, sijaona mtu wa kituoni asiyetaka kitu. Hata kama ni choo!"

Dereva wa Lom akasema mwanamke huyo bila shaka anakwenda kwa dada yake. Kircho akasema dada wapi, huyo anamkimbia mume. Wakabishana mpaka basi likachelewa kuondoka. Dobrina alicheka nao huku machozi yakimtoka, akajifanya anapenga kamasi.

Jioni Metodi hakuweza kumtazama. Supu ya maharage ilikuwa mezani, na yeye alikuwa anaikoroga tu.

"Nimekuaibisha."

"Umeniaibisha, ndiyo. Mbona hukungoja nipige kwanza?"

"Sijui. Nilifurahi." Akakwaruzakwaruza meza kwa ukucha. "Lakini sasa yamekwisha. Ulisema huu ndio wa mwisho. Utapumzika. Si ulikuwa unapotezea muda tu?"

Hakusema kwa ubaya, maskini. Alirudia alichokuwa akiambiwa tangu waoane. Lakini Dobrina alihisi kama amebanwa kidole na mlango.

"Sitaki kupumzika," akasema, na sauti ile ya kutangaza mabasi bila kutikisika ikamkatika katikati. "Na sijawahi kupotezea muda hata siku moja. Nataka nisikike, Metodi. Niwe nimekaa hapa, redio pale, na watu nisiowajua waache wanachofanya wasikilize. Nataka hivyo kuliko kitu chochote, naona hata aibu kusema. Ndiyo maana sikusema."

Metodi akaweka kijiko chini. Sasa alimtazama.

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

Akafikiri kidogo, taratibu, kama anavyofikiri mbele ya injini.

"Sasa yule mwanamke wako wa kituoni," akasema, "mbona hukumpa maneno hayo?"

Dobrina akavuta kiti nyuma, akaenda kutafuta kalamu, na supu yake ikapoa.