Fundi wa Printa na Shati la Kanisani

Watu husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga. Nilikaa kaunta nikamkodolea macho fundi wa printa, na roho iliponiuma nikaiacha iume.

Mgahawa wetu uko Elerai. Tunapika mtori wa ndizi, loshoro ya mahindi na maziwa mgando, ndizi nyama, na chapati ambazo nilianza kuziuza mimi kabla sijaolewa. Baba watoto alinikuta na sufuria zangu. Hilo nalisema mapema ili lieleweke: kiti cha kaunta ni changu. Miaka yote oda nilikuwa naziita mimi kwa mdomo. Mhudumu ananiambia, nageukia kidirisha cha jikoni, napaza sauti, "Mtori mbili, chapati nne, pilipili pembeni!" na jikoni wanaitika. Hakukuwa na kitu cha kugoma, labda nipate mafua.

Kisha mume wangu akaalikwa kwenye kikao katika hoteli moja ya watalii, akaona wahudumu wanabofya tableti na karatasi inatoka yenyewe jikoni. Alirudi hashikiki. Akanunua tableti, printa ya risiti ya kaunta, nyingine ya jikoni, na ruta ya kuviunganisha vyote. Haya, na mimi nikabaki kwenye kiti changu sina la kuita.

Hata hatujazizoea, asubuhi moja tableti zikaandika kwamba printa haionekani. Iko pale mezani, taa inawaka, mimi naiona kwa macho yangu mawili, tableti haziioni! Mume wangu akampigia fundi.

Fundi ni binti. Amesoma mambo ya kompyuta, kwao ni huko juu Meru kwenye migomba na kahawa. Alishuka kwenye bodaboda na begi lake dogo mgongoni, akamwambia mume wangu, "Za asubuhi, kaka." Kisha akanigeukia mimi, akainamisha kichwa kwa heshima zote. "Shikamoo, mama."

Jamani! Mume wangu kanizidi umri, mvi anazo, kitambi anacho. Yeye kaka, mimi shikamoo! Nikaitikia marahaba huku nimebana meno.

Akaomba akae kwenye kiti changu, maana waya wa ruta uko pale. Nikampisha. Akaitoa kanga yangu niliyoiacha kwenye kiti, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kreti la soda. Hata kwa kuikunja nilimchukia. Akabonyeza kitufe, printa ikatema kikaratasi, akakisoma, akagusa tableti moja baada ya nyingine, na oda zikaanza kutoka. Mume wangu akapiga makofi kana kwamba mtu amefufuka. Halafu akaingia jikoni mwenyewe, akatoka na chai ya maziwa kwenye kikombe chenye mfuniko, kile cha wageni, akamwekea mbele.

"Haina sukari," akamwambia. "Najua hutumii."

Ametoa wapi kujua? Mimi, wa vijiko vitatu vya sukari, nimemzalia watoto, sijawahi kuletewa na yule mwanamume hata glasi ya maji.

Kesho yake printa ikagoma tena. Fundi akaja tena. Ikawa ndiyo mtindo: tunapumzika siku moja au mbili, halafu asubuhi tableti hazioni printa, simu inapigwa, bodaboda inasimama nje. Shikamoo mama, za asubuhi kaka. Na mimi nikaanza kuona mengine. Baba watoto, mtu wa koti moja la baridi tangu Juni hadi Agosti, sasa anavaa shati jeupe la kanisani siku ya Jumatano. Limepigwa pasi. Aliyelipiga pasi ni mimi, mjinga wa watu.

Nikamuuliza, "Leo kuna ibada?"

"Mfanyabiashara lazima awe nadhifu, mama watoto."

Nyoo! Nadhifu. Nikachemka siku nzima, chapati siku hiyo zilitoka ngumu, wateja wakazitafuna kwa adabu. Akaanza na kauli nyingine, kwamba yule binti ana akili sana, kwamba ingefaa awe anakaa pale kaunta kila siku asimamie mfumo, na mimi nipumzike nyumbani. Nipumzike! Hapo nikajua kiti kinaondoka, na pengine mwenye kiti naye anaondolewa. Nikajikaza kisabuni. Lakini niliapa kwamba nitajua ile printa inagomea nini.

Siku ya gulio la Ngaramtoni ndiyo ilikuwa yenyewe. Siku hiyo wachuuzi wa mbuzi na maharage wanapita kwetu kunywa supu kabla ya kupanda kwenda sokoni, na wana haraka kuliko wagonjwa. Tableti zikagoma. Wahudumu wakaanza kukimbia na oda kichwani, mwenye supu akapewa loshoro, mzee mmoja wa Kimasai akaniambia kwa upole kwamba yeye hajaagiza chipsi na wala hatazila. Mume wangu akapiga simu, kisha akaenda bucha kuongeza nyama.

Fundi akafika. Shikamoo, marahaba. Safari hii sikumwachia kiti. Nikavuta stuli, nikamkalisha pembeni yangu. "Leo utanifundisha," nikamwambia. "Hatua kwa hatua."

Alifurahi! Nilitaka anune, yeye akafurahi. Akanieleza kwamba kila kifaa kinachoingia kwenye ruta kinapewa namba. Tableti inatuma oda kwenye namba ya printa. Printa ikibadilishiwa namba, oda inakwenda mahali ambapo hakuna mtu. "Ni kama foleni ya bombani, mama. Ukitoka, ukirudi unakuta nafasi yako ina ndoo ya mwingine. Hapa, simu za wahudumu zikiwahi asubuhi, zinachukua namba ya printa."

"Na kwa nini printa itoke kwenye foleni?"

"Inatoka ruta ikizimwa." Akaitazama ile ruta. "Sijui ni nani anayeizima."

Anayezima ni mimi. Kwetu, mtu wa mwisho kufunga ndiye anayechomoa kila kitu ukutani isipokuwa friji. Mama yangu alitulea hivyo tangu nyumba ya jirani iungue kwa sababu ya ekstensheni, na hadi leo siwezi kulala nikijua kuna taa inayowaka kwenye chumba kisicho na mtu. Kila nikifunga mgahawa nachomoa, ruta namalizia. Kumbe nilikuwa namwalika huyu binti kwa mkono wangu mwenyewe.

"Ni mimi," nikasema.

Akashangaa. "Kwani kaka hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Nilimwambia siku ile ya kwanza. Ruta isizimwe. Na kama lazima izimwe, tuifungie printa namba moja ya kudumu, haichukui muda. Akasema tusubiri kwanza."

Tusubiri kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako, tena nguo yenyewe nimeipiga pasi mimi. Mara ngapi alisimama mlangoni na funguo akinitazama nachomoa ruta, na hakufungua mdomo? Nilitaka kulia, nilitaka kurusha printa barabarani. Na yule binti, maskini, alikuwa ananitazama kama mtu aliyemkanyaga mwenzake bila kujua.

Mume wangu akaingia na nyama begani na soda ya baridi mkononi. Soda moja.

"Fundi," nikasema kwa sauti yangu ile ya kuita oda, "zifungie printa namba ya kudumu. Sasa hivi. Zote mbili."

"Mama watoto, si tungesubiri kwanza..."

"Tusubiri nini?"

Wachuuzi wa mbuzi waliacha kutafuna. Binti akainama kwenye tableti, akafanya kazi yake, akazima ruta na kuiwasha, akatuma oda, ikatoka. Akafunga begi lake.

"Haya, mama, nakwenda."

"Niite dada," nikamwambia.

"Sawa, dada."

Jioni nilichomoa kila kitu mbele ya mume wangu, ruta ya mwisho, taratibu.

Asubuhi alikuja kavaa shati la kanisani. Akasimama jikoni na simu mkononi, tayari kumpigia fundi. Nikachomeka ruta, nikangoja taa zitulie, nikatuma oda ya chai moja. Printa ya jikoni ikalia, karatasi ikatoka. Akaichana, akaisoma, akatoa kichwa kidirishani.

"Chai ya nani hii?"

"Yangu. Uilete mwenyewe, kwenye kikombe chenye mfuniko."

Akaileta. Nikafunua, nikanywa funda moja, nikamtazama usoni. Haikuwa na sukari.