Mume Wangu Husimamisha Cherehani kwa Wateja Tu

Bwana Mhariri, jina langu libaki kwako. Hapa Kariakoo ukitaja fundi wa baraza fulani na mkewe muuza vitumbua, mtaa mzima utatujua.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili. Nyumba tunayokaa niliijenga kwa vitumbua, sikurithi hata ufito mmoja, na vyumba vya uani nimepangisha. Hesabu naijua, kwa hiyo simbebeshi mtu lawama isiyo yake.

Mume wangu anashona barazani, na watu humsifu kwa usikivu wake. Mteja akianza kueleza shida zake, yeye hulaza kiganja juu ya gurudumu, cherehani ikanyamaza, akamtazama mtu usoni hadi amalize. Kuna mzee huja bila hata kipande cha kitambaa. "Fundi, kwako siji kushona, naja kutua mzigo," husema, na baraza zima hucheka.

Nikisema mimi, gurudumu linazunguka. "Sema, bibie, nakusikia." Siku moja nikamtania, "Nikija na kitambaa nipimwe, ndiyo utanisikiliza?" Akacheka sana. Mguu wake haukutoka kwenye kanyagio.

Baada ya miaka sita ya kungoja, nikashika mimba. Ilifika mwezi wa nane salama. Kuamkia sikukuu, kanzu za watu zimerundikana hadi mlangoni, nikamwendea asubuhi. "Mume wangu, mtoto hachezi tangu jana. Nenda kamwite mkunga." Mkunga wetu yuko Magomeni, na miguu yangu ilikuwa imevimba, siwezi kufika hata sokoni.

"Haya, bibie, naenda."

Nikajilaza, nikangoja. Adhuhuri cherehani bado inalia. Nikajikokota tena hadi mlangoni. "Hujaenda?"

"Namalizia shingo hii tu."

Alasiri nikamtuma mke wa mpangaji wangu. Mkunga akaja, akapita barazani, akaingia ndani. Alinishika tumbo, kisha akainama, akalaza sikio lake juu yake. Akainua kichwa. "Mwambieni huyo nje anyamaze, nataka kusikiliza."

Mke wa mpangaji akatoka kumwambia. Hapo hapo cherehani ikakoma. Kwa neno moja tu la mkunga! Nyumba ikawa kimya. Mkunga akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akarudia wa kwanza. Alipoinuka hakunitazama.

Alikuwa wa kiume. Alizaliwa hana pumzi, wenzetu wakiwa katika takbiri.

Nilimuuliza mkunga kama mtoto angeokoka lau yeye angeitwa asubuhi. Akaniambia, "Mwanangu, sijui, na sitakudanganya." Basi sisemi mume wangu ameua. Ila walipotoka kuzika, mume wangu alikuja kitandani kwangu analia, akasema, "Mbona hukuniambia?" Wasomaji, hapo ndipo moyo wangu ulipokatika. Hakuwa anajitetea. Kweli hakukumbuka!

Majirani waliokuwapo barazani asubuhi ile walipomkumbusha niliyosema, nikaona amekonda ghafla. Tangu hapo, kila siku akitoka kuswali alasiri, huifunika cherehani kwa kanga, wateja wakibaki wanamsubiri nje, akaingia na kuketi mkekani mbele yangu. Mikono mapajani. "Sema, mke wangu. Nakusikiliza." Na kweli anasikiliza. Nikisema mchele umepanda, ananiuliza umepanda vipi, na kesho yake anakumbuka.

Lakini kimya kile sikiwezi. Cherehani ikinyamaza tu, mimi namwona mkunga ameinama juu ya tumbo langu. Juzi nilimwambia, "Rudi ukashone." Akajibu, "Sitoki mpaka useme lililo moyoni." Nikageukia ukutani.

Dada yangu ananiambia nidai talaka, nyumba ni yangu, sitalala nje. Mama mkwe ananisihi nimpe muda, mtu anajifunza. Mimi nampenda, na sijui nitamwambia nini mtu aliyekuja kunisikia baada ya lile moja nililotaka alisikie.

Nikae naye au tuachane? Nyinyi mmenisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Semeni sasa, nami nitawasikiliza.