Shingo ya Chungu cha Mama Mukwe

Wale wanaoandika kwenye intaneti kwamba programu hii ya kupika picha ni nzuri kuliko ile, wote wanapima kwa kitu kimoja: mpira wa kioo juu ya meza. Unang'aa, wanahesabu dakika, wanatoa maksi. Na sisi wajinga wawili wa Kasongo, mimi na mume wangu, tukafanya vilevile. Nasema wajinga kwa sababu chungu kilikuwa pale pale sebuleni, kimefungwa kitenge, kinatutazama.

Chungu hicho kilikuja na mama mukwe kutoka Kabambare. Alikipakata kama mjukuu juu ya pikipiki, kwa barabara ile ambayo hata mbuzi anaikataa. Ndicho cha mwisho alichofinyanga kabla vidole vyake havijavimba na kukataa kukunjika. Nyuma aliacha wasichana watatu aliokuwa akiwafundisha. Kuchimba udongo walijua, kusimamisha kuta walijua. Ilibaki shingo. Kwao, kila mama mfinyanzi anaweka shingoni alama ya nyumba yake, aliyopewa na mama yake. Alama ya mama mukwe ni kamba ya mafundo inayobiringishwa mara tatu, na kati ya mistari anabonyeza kucha: moja inatazama juu, moja chini. Sokoni mutu haulizi jina, anapapasa shingo.

Alijaribu kuwaeleza kwa mdomo. Wakatoa kitu kama nyayo za kuku. Kumpiga video haikuwezekana, mikono ilikuwa imeshakataa. Basi akamwambia mwanawe: "Wewe unasemaka unachora watu wanatembea ndani ya mashine. Nichoree mikono." Jumamosi pikipiki ingemrudisha. Tulikuwa na siku sita.

Mikono niliichora mimi, mtoto akinyonya. Lakini kuchora si mwisho. Picha zinapikwa: ordinatere, yaani kompyuta, inatafuta mwanga unavyoangukia kila kitu, picha moja moja, na picha ishirini na nne zinaisha kwa sekunde moja tu ya filamu. Kazi hiyo inafanywa na karte grafike, kipande cha ndani kinachokula umeme kama mgeni asiyeaga. Na umeme wetu ni sola. Jua likitoka tunapika, wingu likija tunakaa.

Programu zilikuwa mbili. Moja tuliiita Pikipiki, nyingine Miguu. Pikipiki inapika picha kwa sekunde chache, inatoka na chembechembe kama mchanga kwenye mchele, kisha inapitisha ufagio wake na kila kitu kinakuwa safi. Miguu haina haraka. Picha moja ya Miguu, nimenyonyesha, nimebadilisha nepi, nimesonga bugali, bado. Tukaweka mpira wa kioo. Tukapima muda, joto, batri. Pikipiki ikashinda kote.

"Basi, njo kusema kazi imeisha," mume wangu akasema, amefurahi kama bwana arusi.

Akapika filamu karibu yote. Alhamisi asubuhi tukamwita mama mukwe. Akatazama mpaka mwisho, mtoto mapajani akimvuta kilemba.

"Hii chungu iko ya nani?"

"Ya kwako, Mama."

"Hapana. Ya kwangu sikuipiga pasi."

Mume wangu akacheka. Mimi nikasogea. Shingo ilikuwa laini kama sahani. Mafundo hakuna, kucha hakuna. Ule ufagio uliona alama za nyumba yake ni mchanga, ukazifagia. Na kila kucha nilikuwa nimeichora mimi nikiitazama kwenye chungu, siku mbili nzima!

"Ulitazama nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Nilitazama saa. Lakini mutu akiwa mbali haoni—"

"Wale wasichana hawatakaa mbali! Shingo njo filamu yenyewe! Ulipima na mpira wa kioo. Kabambare nani anafinyanga mpira wa kioo?"

"Si tulipima wote wawili?"

Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu nilizidi kuwaka.

"Mukigombana, jua linapita," mama mukwe akasema. "Mimi, kuta nazipiga tu mbiombio. Nikifika shingo, njo naketi."

Tukatazamana. Kuta tukaziacha na Pikipiki. Shingo tukaipa Miguu. Hata hivyo picha zilikuwa nyingi kuliko jua, basi tukazipunguza nusu, kumi na mbili kwa sekunde. Mikono ikawa inakwamakwama kidogo. Mama mukwe akasema hata yake ilikuwa inasimama kila baada ya kucha, ili kufikiri.

Ijumaa mume wangu alitoka msikitini akapanda juu ya bati na kanzu yake nyeupe, akakaa huko akigeuza paneli kwa mikono kufuata jua. Nilimpelekea maji na matusi. Alivipokea vyote. Aliposhuka kanzu ilikuwa ya rangi ya kutu, na shingo ilikuwa imeiva.

Jumamosi mama mukwe aliitazama kwenye simu yake huku pikipiki inangurumia mlangoni. Kidole kilichovimba kikafuata kucha: juu, chini, juu, chini, juu, juu.

"Hapa ulikosa, mukwe wangu."

Nikakimbia kuleta chungu, hasira zimenipanda kichwani. Nimekosa mimi? Nikamwonyesha. Kwenye udongo wenyewe, kucha mbili zilifuatana, zote zinatazama juu. Alipapasa pale muda mrefu.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Vidole vilikuwa vimeanza. Basi, nitawaambia kwa mdomo." Akanirudishia chungu, akasema kibaki kwangu, akapanda.

Baada ya majuma machache wasichana wakatuma picha. Vyungu vitatu, mistari mitatu ya mafundo, kucha zimekaa vizuri. Nikaikuza picha. Vyote vitatu, mahali palepale: juu, juu.

Nikampigia. "Mama, ulisahau kuwaambia?"

"Sikusahau. Niliiacha, nayo iwe ya nyumba yetu," akasema. "Mutoto anakula vizuri?"