Furaha Iliyokwisha Kupokelewa

Katika darasa letu la Shule ya Sabato, linaloketi kwenye mabenchi nje, juu ya nyasi za kanisa, kabla ya kufungua somo, mwalimu huuliza maswali matatu. Nani amesoma kila siku? Nani amemtembelea mtu? Nani ana furaha ya kutuletea? Mwalimu mwenyewe ni mama mchuma chai, mwenye vidole vilivyoingia weusi usiotoka hata kwa limau, na swali hilo la tatu huliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. Mwenye furaha huinua mkono na kuisema: ng'ombe amezaa, mtoto ametoka hospitali. Sote tunajibu kwa pamoja, "Tumeipokea." Tangu hapo furaha hiyo si yake peke yake. Wiki nzima watu watamsimamisha njiani kumuuliza habari za ndama kana kwamba ndama ni wao.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili nyumbani, karibu na Itumbe, tangu nimalize chuo, na mkono wangu haukuwa umeinuka hata mara moja. Sikuwa na huzuni. Huzuni ningeitambua. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: niliimba, niliomba, nilisalimia watu mlangoni, na hakuna kilichofika ndani. Nilijiuliza kama hiyo ni dhambi. Kisha nikajiuliza kama kujiuliza sana ndiyo dhambi yenyewe.

Kwenye benchi langu alikaa bibi mmoja ambaye sote tulimwita magokoro, yaani nyanya. Alimzika mumewe mwaka uliotangulia, na tangu siku ile naye hakuwahi kuinua mkono. Swali la tatu lilipofika, sote wawili tulitazama nyasi.

Ndipo nikaitwa kwenye mahojiano ya kazi, katika ofisi moja mjini Nyamira. Nilikusudia kunyamaza mpaka nijue matokeo, lakini mama yangu alishamwambia mwalimu kwenye kituo cha kupimia majani. Sabato ile mwalimu aliuliza swali la tatu na, kwa mara ya kwanza, akainua macho. Alinitazama mimi. Niliinua mkono nusu, nikasema nimeitwa kwenye mahojiano.

"Tumeipokea," wakasema, na mtu nyuma yangu akanipiga begani kwa nguvu.

Jumapili asubuhi magokoro alifika kwetu akiwa amekumbatia koti la marehemu mumewe. Koti la kijivu, zito, lenye harufu ya sanduku. Alinivalisha mwenyewe uani, akaivuta mikono yake kama anayemvalisha mtoto wa nasari, kisha akasema mume wake alikuwa na mabega, mimi nina kiango cha nguo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nikiwaza: nikilichafua je? Nikishindwa nikiwa nimelivaa, litakuwa koti la namna gani?

Mahojiano yalipita. Nilisema asante mara mbili mfululizo mwishoni, na njia nzima ya kurudi niliifikiria ile ya pili.

Sabato iliyofuata mwalimu alipouliza swali la tatu, mkono ulioinuka karibu nami ulikuwa wa magokoro. Alisema furaha yake ni kwamba kijana wa darasa amevaa koti la mzee na limetoka nje kuona jua.  Darasa likaipokea, na mwalimu akafuta macho kwa upindo wa kitambaa chake cha kichwa.

Jumanne ujumbe ukaja kwenye simu. Nafasi ilikuwa imepewa mtu mwingine. Niliusoma mara nyingi, nikingoja uchungu, lakini uchungu haukuja. Nilichokiona ni koti, limening'inia kwenye msumari. Kazi ilikuwa yangu kuikosa. Lakini ile furaha walishaipokea, na yule bibi alikuwa ameijenga ya kwake juu yake. Nikirudisha koti, itabidi niseme. Nikisema, huenda asiinue mkono tena, na mimi ndiye nitakuwa nimeushusha. Hivyo ndivyo nilivyolipanga jambo kichwani, hatua kwa hatua, na sikuona mlango wa kutokea.

Sabato mbili nilibaki nyumbani. Nilimwambia mama kichwa kinauma.

Nilikuwa nimesahau swali la pili. Mtu akikosa mara mbili, darasa humtembelea. Alasiri ya Sabato ya pili niliwasikia wakiimba tangu kwenye majani chai ya jirani, sauti ya mwalimu ikiwa mbele na chini kidogo ya wengine. Wakaingia saba, na ndizi zilizoiva kwenye kikapu. Mama aliwatolea viti akaenda kutafuta vikombe. Magokoro alikaa mkabala na msumari.

Waliomba. Waliniuliza hali ya kichwa. Hakuna aliyeuliza kuhusu kazi, na hapo nikafahamu kwamba wanajua. Nyumbani kwetu habari humtangulia mwenyewe. Nililishusha koti, nikalikunja, nikampa magokoro kwa mikono miwili. Nilisema nimekosa ile kazi. Nilisema pole kwa sababu walikuwa wameshafurahi.

Alilikunjua, akalitazama. "Umelikunja kama mtu anayefunga ndizi za soko," akasema. Kisha akalilaza magotini, akaniita baba kwa lugha yetu. "Tata, mimi hata sijui hiyo kazi ilikuwa ya nini. Mwaka mzima sanduku lile la nguo zake nililizunguka. Nikalifungua kwa ajili yako, na sikufa. Hicho ndicho nilichofurahia. Utakirudishaje?"



Mwalimu alikuwa ameshika kikombe kwa vidole vyake vyeusi. "Sema tena vizuri," akaniambia. "Ulivyosema ni kama unajibu polisi. Sema, nasi tupokee."

Nikasema tena. Kwamba nimekosa kazi, na kwamba kwa muda mrefu sasa sihisi kitu, hata nikiomba. Sehemu hiyo ya pili sikuwa nimeipanga.

"Tumeipokea," wakasema. Hawakuisema kwa sauti ya asubuhi kanisani. Waliisema taratibu, na mzee mmoja alichelewa, akaisema peke yake mwishoni.

Nilingoja kitu kilegee kifuani. Hakikulegea. Tulikula ndizi.

Walipoondoka mvua ilikuwa imeanza, na magokoro alilivaa koti mwenyewe. Lilimfika magotini. Nilimsindikiza mpaka kwenye njia ya chai, naye akaniambia maandishi ya kitabu cha somo ni madogo mno kwa macho yake, na wiki mbili hizo hakuna aliyekuwa karibu wa kumsomea. Hakuniuliza kama nitakuja.

Sabato iliyofuata nilimsomea. Swali la tatu lilipofika tulitazama nyasi, sote wawili, kisha yeye akauinua mkono. Wangu ulibaki juu ya kitabu, nikimshikia ukurasa.