Mkaa wa ukuta wa zamani

Leo mama amechoma utafiti wangu, na chai imeiva vizuri sana.

Nilitoka Pwani na kipande cha mkaa, kidogo kama punje ya mahindi. Nilikitoa ndani ya chokaa ya ukuta wa msikiti wa kale, ndio maabara ipime ulijengwa lini.

Nikakiacha jikoni hapa Kitale, kwa karatasi ya foili.

Sasa mama huwa hatupi mkaa, hata vumbi yake.

"Si ni mkaa tu? Nimeongeza kwa jiko."

Nikabaki naangalia mvuke. Mti uliolala ukutani karne nzima nzima umekuja kuwaka tena hapa kwetu.

"Kunywa, bado iko moto."

Mwalimu wangu wa chuo anangoja umri wa mkaa huo. Mimi najua joto lake tu.

Nimwambie aje?